Nani Atalowesha Blanketi?

Blanketi zito likilowa maji hutoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa, na mimi nikiisikia hasira hunipanda kabla sijakumbuka ninamkasirikia nani. Juzi juzi niliisikia tena ndani ya nyumba ya mama yangu mjini Lodwar. Tulikuwa tumemzika kwao Kilifi, kisha mimi na mama mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, tukarudi kufunga nyumba. Pale sebuleni, juu ya tangi la kioo, blanketi langu la utotoni lilikuwa limetandazwa likichuruzika. Umeme ulikuwa umekatika, na Akiru, aliyemsaidia mama kazi za nyumba tangu mimi sijaota meno ya ukubwani, alikuwa amelilowesha ili kilichomo ndani kisipate joto.

"Lichukue," mama mdogo akaniambia, akionyesha tangi kwa kidevu. "Ni lako sasa. Yeye mwenyewe alisema."

 Kaburi lilikuwa bado bichi, na kaburi bichi halitukanwi.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Zama zetu mtoto hakuulizwa wala hakuambiwa. Aliogeshwa, akavishwa viatu, akapakiwa garini, na pale aliposhushwa ndipo palipokuwa kwao kuanzia siku hiyo. Watu wazima waliita hayo malezi, na sisi tukitaka kuuliza tuliambiwa tuna midomo.

Mama yangu alikuwa mpima maji. Serikali ilimtoa Kilifi ikamleta Lodwar apime visima vya Turkana nzima, na kutoka pwani alikuja na viumbe wawili: mimi, na ua la bahari. Wenye vitabu huliita anemone. Si ua hata kidogo, ni mnyama. Ni nyama laini iliyoshika jiwe kwa unyayo wake, na juu ina vidole vinene vinavyopepea majini, na katikati ya vidole pana mdomo. Kabla ya kuajiriwa, mama aliwahi kufanya kazi na watu waliokuwa wakipeleka wanyama wa bahari kwa matajiri wenye matangi majumbani, na kazi ikaisha, mapenzi yakabaki. Mimi sikuwa na kumbukumbu ya bahari. Nilichokijua ni lile tangi, likinguruma kwa pampu yake mchana kutwa, na kiti cha mama kilichokuwa kimeligeukia tangi badala ya kutugeukia sisi.

Majirani walituchukia, na walikuwa na haki. Wanawake walipanga foleni ya mitungi kisimani tangu alfajiri, jua likawapiga hadi wakatukanana, na sisi tulikuwa na maji yanayokaa tu kwenye kioo yakitazamwa. Tena si hayo tu. Joto la Lodwar hunyonya maji, basi kila jioni kina cha tangi kilikuwa kimeshuka. Chumvi hainyonywi, hubaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matamu, safi, yaliyochujwa. Maji ya kunywa. Akiru aliyabeba kichwani kutoka kisimani, na majirani wakihesabu kila mtungi kwa macho.

"Watu wa pwani na majini yao," mama mmoja alisema siku moja, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie. "Lazima yanyweshwe."

Nilikimbia nyumbani nikamuuliza Akiru kama ni kweli lile ni jini. Alicheka mpaka akakaa chini. "Jini gani? Jini iko na nguvu. Hii ni nyama ya maji tu. Lakini mama yako anapenda hiyo kuliko watu." Alilisema bila ubaya, kama mtu anayekuambia leo kuna vumbi.

Mama alisafiri sana. Leo Todonyang, kesho Kataboi, siku nyingine ng'ambo ya milima ambako gari lilizama kwenye mchanga wa laga, mto mkavu, na yeye akalala humo humo. Akirudi, mkoba ungali begani, alikwenda kwanza kwenye tangi. Aliinama akatazama, akapima chumvi, akapima joto, akahesabu vidole vilivyokunjuka. Kisha ndipo aligeuka. "Na wewe umekula?" Nilijifunza kusimama karibu na tangi ili anapoinama na mimi niwe machoni pake.

Ua lenyewe lilikuwa likijipasua. Mama alisema si kwa furaha. Likibanwa na jambo, joto au maji mabaya, hujigawa katikati, na kila nusu hufunga donda lake ikawa ua zima. Kwa Lodwar palivyo, tangi likajaa. Watu wenye nafasi wakasikia: mwalimu mkuu mmoja, mwenye duka la dawa, na wengine waliotaka kitu cha kushangaza wageni. Mama akaanza kuwagawia, baada ya kwenda mwenyewe kukagua matangi yao. Na mimi ndiye niliyefunzwa kuchagua.

Alinifunza kwa makofi. Mdomo ukiwa wazi umelegea, acha. Likiwa limekwajuka jeupe, acha. Likigusa kidole chako linatakiwa linate; lisiponata, acha. Tazama unyayo: ukichanika hata kidogo, halifiki. Kabla ya kulitoa majini liguse kwanza lijikunje lenyewe, kwa sababu likitolewa limejitandaza litararuka kwa uzito wake. Ni bora litoke na jiwe lake, lakini kama limeshika kioo, pitisha kadi ya simu iliyokwisha kukwaruzwa chini ya unyayo, polepole, kama anayebandua chapati iliyoshika kikaango. Ole wako utumie kucha. Niliwahi kuona kucha zangu zikikatwa mpaka damu ili nisije nikasahau.

"Chagua lile lenye nguvu kuliko yote," aliniambia. "Kinachosafiri ni chenye nguvu. Dhaifu hubaki nyumbani."

Nililiweka hilo moyoni. Kila nikiugua nilifurahi.

Halafu ikaja habari ya Kakuma. Kulikuwa na mfanyabiashara mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwenye hoteli ndani ya kambi, aliyekuwa amepata tangi kubwa la kioo na akataka ua la bahari la kuliweka mbele ya wateja. Mama mdogo, aliyekuwa nesi huko huko Kakuma, ndiye aliyemwambia habari zetu. Mama akasema tutakwenda. Akasema tutakwenda, si nitakwenda, na mimi nilitembea siku nzima nikilirudia neno hilo.

Siku ya kuamkia safari mama hakulilisha ua nililolichagua, maana likila litachafua maji ya mfuko. Asubuhi yake na mimi sikupewa chai. "Usije ukatapika njiani," mama akasema. Mwenye akili angeona njaa. Mimi niliona heshima. Nilijiona tumewekwa kundi moja, mimi na ua, wasafiri wawili wenye matumbo matupu. Akiru alikuwa amenisuka nywele akivuta kuliko kawaida, na nilipomsalimu "Ejok" asubuhi hiyo aliitikia huku akitazama mlango. Nilivaa viatu vipya. Nilijua ni kwa ajili ya mteja.

Mama alilifunga ua kwa mikono ambayo sijawahi kuiona ikifanya jambo lolote kwa upole ule. Mfuko ndani ya mfuko, maji yake yale yale ya tangi, hewa ya kutosha juu, mpira wa kufungia ukizungushwa hadi ukalia. Gazeti kuzunguka mfuko ili liwe gizani lisihangaike. Kisha ndani ya boksi la barafu, kama yale ambayo manesi hubebea chanjo, bila barafu, maana baridi ya ghafla nayo huua. Halafu akaenda kitandani kwangu, akavuta blanketi langu, akalilowesha kwenye karai na kulizungushia boksi zima.

Gari lilikuwa Proboksi la kukodi, dereva akiitwa Ekai. Mama alikaa mbele na boksi mapajani. Mimi nilikaa nyuma, pembeni ya sanduku la bati lililofunikwa gunia, nikiamini limejaa chumvi ya mteja. Nilipewa chupa ya maji na kazi: blanketi likianza kukauka nililoweshe, kwa sababu kitambaa kibichi kikipigwa na upepo wa dirishani hupoza. Nilipitisha mkono kati ya viti nikawa namimina kidogo kidogo, na maji yakichuruzika kwenye sketi ya mama hakunigombeza. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Barabara wakati ule ilikuwa mashimo na mawe. Kila tukishuka laga, mama alilikumbatia boksi kwa mikono miwili na kifua. Mimi niligonga kichwa kwenye mlango, nikagonga tena kwenye sanduku, nikanyamaza kwa sababu msaidizi halii.

"Polepole, Ekai!" mama alifoka. "Umebeba roho ya mtu humu!"

Nilidhani roho yenyewe ni yangu. Niliinua mabega.

Hoteli ya mteja ilikuwa ya mabati, imejaa watu, Kisomali na Kifaransa na Kiarabu cha Juba vikisikika meza hadi meza. Mwenyewe alitoka kutupokea, mtu mrefu, msalaba shingoni. Tuliambiwa anaitwa Bwana Deng. Tangi lake lilikuwa zuri kuliko letu, lakini lilikuwa limewekwa ukutani, na nyuma ya ukuta ule ndipo walipokuwa wakikaanga mandazi. Mama alitoa vifaa vyake. Alipima joto. Alipima chumvi. Alifuata bomba la pampu kwa kidole, akalikwaruza, akaona ni la shaba.

"Hapa halikai," akasema.

"Kwa nini, mama? Maji iko tamam. Mimi naweka chumvi kama ile wewe nasema kwa simu."

"Shaba huliua. Na ukuta una moto. Na jenereta yenu inazimwa saa ngapi?"

Bwana Deng alitazama wateja wake waliokuwa wameacha kula. "Mama, sema kweli. Wewe nadharau mimi kwa sababu mimi ni mkimbizi?"

"Sikudharau wewe. Maji yako ndiyo siyaamini."

Yakawa maneno. Bwana Deng aliinua sauti, mama akainua zaidi, na mpishi akatoka jikoni na kijiko kirefu mkononi kuangalia kuna nini. Mama hakurudi nyuma hata hatua. Alisema kiumbe chake hakiwezi kuachwa mahali ambapo yeye hajui kama kitaamka kesho. Alisema mtu mwenye huruma hukagua kwanza ndipo akaacha. Nakumbuka nilijivuna mno. Nilisimama nyuma yake na chupa yangu, nikimtazama yule mtu mrefu kwa jeuri, nikisema moyoni: huyo ndiye mama yangu, haachi kitu ovyo.

Kutoka hapo tulikwenda kwa mama mdogo. Aliishi nje ya kambi, nyumba ya vyumba viwili, uani kukiwa na mti wa mwarobaini. Nilikuwa nimewahi kumwona mara chache tu, akija Lodwar kwa shughuli. Hakuwa na mtoto, na hilo lilikuwa linasemwa kwa kunong'ona. Mama hakuingia ndani. Alikunywa maji amesimama mlangoni, boksi likimsubiri garini kivulini. Hakuuliza nitalala wapi. Hakutazama kitanda, wala choo, wala hayo maji aliyokuwa akiyanywa, yeye ambaye hakuwahi kunywa maji ya ugenini bila kuyanusa.

Ekai akashusha sanduku la bati. Nikamwambia, "Hilo ni la chumvi, rudisha." Mama mdogo akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na joto na ulinikera.

"Msalimie mama mdogo vizuri," mama akasema, na akatembea kwenda garini kama mtu aliyesahau kitu.

Nilidhani kweli amesahau. Mlango ulipofungwa na injini ikanguruma, nilimwonea huruma, kwa sababu jua lilikuwa kali na chupa ninayo mimi. Nilichomoka mkononi mwa mama mdogo nikakimbia. "Mama! Nani atalowesha blanketi? Mama, nani atalowesha?"

Gari likasimama. Boksi lilikuwa mapajani pake, na blanketi langu limelizunguka, tayari limeanza kukauka pembeni. Alishusha kioo, akatoa mkono nje. Nikampa mkono wangu. Akachukua chupa.

Hilo tu. Wala hakuwa na haraka. Aliichukua chupa, akalimiminia blanketi, akapandisha kioo hadi nusu ili upepo uingie, na gari likaondoka. Nilisimama katika vumbi na mkono wangu umenyooka mbele, mpaka mama mdogo alipokuja akaushusha.

Jioni hiyo nilililia blanketi, kwa kuwa sikujua namna ya kumlilia mtu. Mama mdogo akacheka kwa masikitiko. "Kakuma hii nani analala na blanketi?" Ni kweli, hakuna. Lakini lilikuwa langu.

Mama mdogo alinilea vizuri. Sitaki mtu afikiri niliteswa, sikuteswa. Nilisomeshwa, nilivishwa, nilipendwa mpaka nikachoka. Mama alikuja kila shule zikifungwa, akakaa siku moja, akaniletea nguo ya kubana kwa sababu hakujua kimo changu. Kila mara niliweka lile sanduku la bati, lenye nguo zangu, mlangoni. Kila mara liliachwa. Mwishowe nililisukuma chini ya kitanda, na alipokuja tena nilikwenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Nilipokua, mama mdogo alijaribu kunieleza. Alisema mama alikuwa peke yake, alikuwa akilala kwenye laga na majangwa, alihofia kunikuta siku moja nimeugua na yeye yuko Todonyang. "Alijua wewe una nguvu," akasema. "Si mwenyewe alikuwa anasema? Kinachosafiri ni chenye nguvu."

Nilimwambia nilikuwa bado nanyonya kidole. Nilimwambia tena kwamba ua halikuachwa peke yake mama alipokuwa Todonyang. Liliachiwa Akiru, na Akiru akaliweza. Kama Akiru alitosha kwa nyama ya maji, kwa nini hakutosha kwangu?  Jibu hakuna aliye nalo, na aliyekuwa nalo tumemfukia Kilifi.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa siku ile sebuleni, tangi limefunikwa, harufu ya blanketi imenijaa puani. Mama mdogo alikuwa akilia kidogo. "Unaona? Alilitunza miaka yote kwa sababu ni lako."

"Alilitunza kwa sababu linapoza," nikasema.

Akiru alinitazama, akatazama sakafu. 

Nilisema ua nitaliacha life. Nilisema hivyo kwa kinywa, lakini mikono haikunisikiliza. Nilichagua moja, lile lililofunga mdomo na kunata vizuri, mengine nikamwachia yule mwenye duka la dawa. Niliomba kadi ya simu, nikaipitisha chini ya unyayo polepole. Mfuko ndani ya mfuko, gazeti, boksi. Kila kitu nilikifanya kama alivyonifunza, na kila kitu nilikifanya nikiwa nimeuma meno. Isipokuwa blanketi. Blanketi nililianika juani, na jua la Lodwar halichelewi.

Nilikuwa nimekuja na binti yangu, Dama, anayeuliza maswali kuliko polisi. Proboksi tulilokodi la kumrudisha mama mdogo Kakuma lilikuwa na kiti kimoja tu cha abiria mbele, na nyuma mama mdogo alikuwa amebanwa na vyombo vya marehemu. Dereva, kijana wa siku hizi, aliona boksi mkononi mwangu akapanga safari mwenyewe. "Madam, hiyo shika wewe hapa mbele. Huyu mtoi akae nyuma na shosho," akimwonyesha Dama kwa kidole, kisha mama mdogo.

Boksi mbele, mtoto nyuma.

"Fungua buti," nikamwambia.

"Litakufa huko nyuma," mama mdogo akasema. "Joto lote lile, na hakuna wa kulilowesha!"

"Life."

Nililisukuma boksi katikati ya sufuria na godoro, nikalifungia. Kisha nilikaa mbele, nikalikunja blanketi kavu mapajani, nikampakata Dama juu yake. Ni mkubwa sasa, miguu yake ilining'inia na kichwa chake kilinigonga kidevu kila tulipopita tuta. Sikumshusha. Aliuliza ngamia wanakunywa wapi, na kwa nini mlima ule ni mweusi, na kama bibi yupo mbinguni tayari au bado yuko njiani. Nilimjibu yote hadi akalala.

Mtu ataniambia siku hizi barabara ni lami. Aniambie.

Kakuma nilifungua buti mwenyewe. Boksi lilikuwa na joto ukilishika, na limelala upande, sufuria moja juu yake. Mama mdogo alisimama nyuma yangu akiomba chini kwa chini. Nilifungua gazeti, nikainua mfuko juani. Mdomo ulikuwa umefunga. Unyayo ulikuwa umeshika plastiki, mzima, bila mchaniko. Nilifungua mpira, nikaingiza kidole, na vidole vyake vikanikumbatia, vikanata.

"Asante Mungu," mama mdogo akasema.

Mimi sikushukuru. Nilikaa chini kwenye changarawe, mfuko mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nililia, kwa sauti, kama watoto wanavyolia. Dama aliamka akashuka garini akiburuta blanketi. Alinitazama, akatazama mfuko.

"Mama, limekufa?"

"Halijafa."

"Sasa unalia nini?"

"Lingeweza kukaa kwenye buti," nikamwambia. "Tangu siku ile, lingeweza kukaa kwenye buti, na mimi mapajani."